Kabla Hujanunua Mtandao wa Jirani

Wenzangu wanaoendesha mitandao midogo ya televisheni ya waya na intaneti hapa Nairobi huniuliza kama ni heri kuvuta nyaya mpya mtaa kwa mtaa, au kumnunua mtu aliyekwisha kuzivuta. Nimefanya yote mawili tangu 2014, nilipoanza na ploti sita (majengo ya wapangaji) za mtaa wa Umoja, na jibu langu ni kwamba nunua, lakini umnunue aliye karibu nawe.

Mtandao wa kwanza niliununua 2017, na ulikuwa ng'ambo tu ya barabara, Umoja Innercore. Mwenyewe alikuwa amechoka kukimbizana na wapangaji kila mwisho wa mwezi. Katika muda wa wiki mbili tuliziunganisha nyaya zake na mitambo yangu, tukaizima mitambo yake, tukarudisha chumba alichokikodi, na mafundi wangu wawili wakaendelea na kazi bila kuongezewa wa tatu. Mtandao wa pili, wa 2019, ulikuwa Ruiru, mji ulio nje ya Nairobi. Bei yake kwa kila mteja ilikuwa nusu ya ile ya Innercore, nami nikadhani nimeokota. Kumbe fundi alikuwa akipoteza nusu siku katika foleni ya barabara ya Thika ili akabadilishe kiungio kimoja cha waya, chumba kilikuwa cha pili, intaneti ya jumla nilinunua mara mbili, na aliyekuwa akinikusanyia fedha kule nilimwona mara moja kwa mwezi. Nilivumilia miezi 14, kisha nikauza kwa hasara.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa makini jinsi kampuni kubwa za televisheni ya waya za Marekani zilivyokua, na Comcast ndiyo iliyonifaa zaidi. Mwanzilishi wake, Ralph Roberts, aliyekuwa ameuza biashara yake ya mishipi na kanda za mabegani za kushikilia suruali, alinunua mwaka 1963 mtandao wa Tupelo, Mississippi, wenye wateja wapatao 1,200, kwa dola 500,000. Hiyo ni kama dola 417 kwa kila mteja. Desemba 2001, kampuni hiyo hiyo ilipotangaza kuichukua AT&T Broadband, kampuni nyingine ya waya yenye wateja zaidi ya milioni 13, thamani ya mapatano ilikuwa takribani dola bilioni 72 madeni yakihesabiwa, yaani zaidi ya dola 5,000 kwa kila mteja. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na ununuzi mwingine mwingi, ukiwemo wa mitandao ambayo Maclean Hunter, kampuni ya Kanada, ilikuwa nayo nchini Marekani, mwaka 1994, lakini bei hizo hazikunivutia kama jambo moja: kampuni za waya zilikuwa zikibadilishana miji. Aliyekuwa na wateja katikati ya eneo la mwenzake aliwaachia, naye akapewa wengine waliopakana na wake. Adelphia, kampuni nyingine ya waya iliyokuwa imenunua wenzake kwa mikopo mikubwa hadi ikafilisika 2002, iligawanywa kati ya Comcast na mshindani wake Time Warner mwaka 2006 kwa dola bilioni 17.6, na katika mapatano hayo hayo wanunuzi wawili walibadilishana mitandao ili kila mmoja apate eneo lililoshikana.

Niliiga. Mshindani wangu alikuwa na ploti nne ndani ya mtaa wangu, nami nilikuwa na tano upande wake. Tulikaa hotelini, tukanywa chai, tukabadilishana bila hata shilingi kupita mkononi. Sijawahi kufanya biashara rahisi kuliko hiyo, ingawa mama mmoja wa ploti nilizoziachia bado hunipigia simu king'amuzi chake kinapokwama, nami humtumia nambari ya mwenye mtandao wake mpya.

Sasa kuhusu kuhesabu, ambako ndiko pesa nyingi hupotea. Orodha ya Ruiru ilikuwa na majina 310. Taarifa za miezi sita za Paybill, nambari ambayo wateja hulipia kwa simu, nilizoziomba nikiwa nimekwisha kulipa, zilionyesha kwamba waliokuwa wakilipa kila mwezi ni 190. Wengine walikuwa wamehama, na baadhi walikuwa jamaa za muuzaji wanaotazama bure. Omba taarifa za miezi 12 kabla ya kutaja bei. Kisha zunguka mwenyewe saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko nyumbani, ukaangalie kama picha na kasi ya intaneti ni zile ulizoambiwa.

Mikataba ya chaneli isome neno kwa neno, kwa sababu haki za kurusha chaneli mara nyingi hazimfuati mnunuzi mpya bila idhini ya mwenye chaneli, na vivyo hivyo ruhusa ya kupitisha nyaya kwenye nguzo za umeme. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano nayo haikabidhiwi kama funguo za duka. Ukinunua biashara yenyewe badala ya hisa, Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, Sura ya 500, inaweza kukubebesha madeni ya muuzaji iwapo tangazo halikuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali angalau miezi miwili kabla. Wakili wangu aliniambia hayo baada ya Ruiru. Kodi ya faida ya mtaji, yaani ya faida ya kuuza mali, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, humwangukia muuzaji, lakini usishangae akijaribu kuiingiza katika bei yako.

Mwezi uliopita wamekuja watu wa kampuni kubwa wakitaka kuninunua mimi. Nilikuwa nimewaandalia idadi ya wateja na taarifa za Paybill za mwaka mzima, zikiwa zimepangwa vizuri. Waliziweka kando, wakafungua ramani mezani, wakaniomba niwaonyeshe nguzo yangu ya mwisho iko wapi.