Mkonga unasaga kwa mbele, difu au nini?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi dereva wa watalii hapa Arusha, naendesha Land Cruiser mkonga wa zamani, ule wa kuzungusha habu (vitovu vya tairi za mbele) kwa mkono. Wiki ya pili sasa nikitoka kreta ya Ngorongoro nasikia kwa mbele krrrr kama mtu anasaga mahindi, inaanza kwenye spidi 40 hivi na nikiachia mafuta inapungua kidogo. Ajabu asubuhi nikiwa naenda, mpaka nafika geti la Loduare, gari kimya kabisa. Fundi wangu kasema difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya mbele) imekufa tutafute ya mtumba, bosi kawa mkali mpaka naogopa kupokea simu. Nifanyeje?

JIBU: Salama kaka. Nusu ya jibu umeshalitoa mwenyewe. Asubuhi habu ziko fri, yaani hazijaloki, tairi za mbele zinazunguka zenyewe kwenye beringi zake, ila shafti, difu na propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) vimetulia. Getini unaloki unashuka Seneto, ile barabara ya kuingia kreta, na ukitoka nahisi unarudisha gia ya fowili (tairi zote nne kuvuta) lakini habu unaziacha hivyohivyo, karibu madereva wote mnafanya hivyo, so difu inazunguka bure mpaka Arusha. Beringi za tairi tuziache basi, zingekuwa zimekufa zingelia na asubuhi.

Ila usinunue difu bado, maana sivi joint (kiungo cha shafti karibu na tairi) na kros za propela, yaani viungo vyake, nazo zinazunguka muda huohuo. Tafuta lami iliyonyooka gari likiwa tupu, weka habu fri halafu ingiza fowili ile ya mwendo, sio ile nzito, nenda 40. Hapo propela na difu zinazunguka lakini tairi haivutwi. Ikisaga, lala chini utikise propela kwa mkono, kros iliyokufa utaiona inacheza, kama imekaza basi mshuku difu. Ikinyamaza usishangilie, meno mengine hulia yakibebeshwa mzigo tu. Sasa loki habu, nenda kwenye vumbi, kata usukani mpaka mwisho uende taratibu, ukisikia ka-ka-ka hiyo ni sivi joint.

Mimi lakini mkonga ukija unasaga naanza na lile tufe nyuma ya tairi la mbele. Likiwa linavuja uji mweusi mwepesi badala ya grisi nzito, sili ya ndani, ile ya kuzuia oili, imekwisha, oili ya difu inahamia huko, so difu inakauka na grisi ya sivi joint inaoshwa, yaani unaua vitu viwili kwa sili moja ya bei ndogo. Nimeona difu nyingi zinakufa hivyo na mwenye gari analaumu barabara.

Kwenye kumwaga oili fungua kwanza nati ya juu ya kujazia, ikigoma umeshamwaga utalala hapo. Ujiuji wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya chini ni kawaida, chenga unazozisikia kwa kucha sio kawaida kabisa. Oili kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Na kama ni beringi za pinyoni (gia ndogo ya difu) tu, zibadilishwe, ila fundi apime mchezo wa meno kwa geji. Akikwambia anasikiliza kwa sikio mnyang'anye spana. Krauni, ile gia kubwa, na pinyoni zinaenda pea, usichanganye.

Bosi mwambie wiki hii unaomba oili ya 90 kama lita tatu, sili mbili za ndani na grisi. Habari ya difu tutaongea ukishaiona hiyo sumaku.