Jiko la moshi la gesi halipozwi kwa kuziba hewa: kwa wadogo zangu mnaoanza

Nimeona tena wiki hii. Kijana mpya, mkono mwepesi, heshima tele, kaambiwa aangalie jiko la moshi, lile sanduku la bati la kuivishia nyama polepole kwa gesi na moshi wa kuni, lisipite nyuzi 120 za Selsiasi. Likafika 145. Akafanya kile kile anachofanya kila anayeanza: akainama akafunga matundu ya chini, akanyanyuka akafunga na dohani. Nilipiga ukelele mpaka mama muuza mihogo ng'ambo ya barabara akasimama na kisu mkononi.

Simlaumu. Huku Mtwara wengi wetu tumekulia kwenye jiko la mkaa na kwenye banio la samaki, na huko kufunga kijimlango ndiyo akili yenyewe. Mkaa umeshajaa ndani, kinachoamua ukali wake ni hewa unayoupa. Gesi ni habari nyingine. Gesi inaletwa na mpira, na huo mpira haujui kama umefunga tundu au hujafunga. Ukibana hewa, gesi inaendelea kuja vile vile, ila sasa haina cha kuungua nacho. Kwa hiyo wadogo zangu, kabla hamjashika hata sinia: mkaa unaongozwa kwa hewa, gesi inaongozwa kwa gesi. Matundu ya chini na dohani viwe wazi toka unawasha mpaka unazima. Joto likizidi, tafuta dawa kwingine, na kwingine kupo.

1. Kuziba hewa

Hapa nitakaa kidogo, maana kuna mtu aliumia. Mwenyewe ameniruhusu niisimulie, jina lake nabaki nalo.

Ilikuwa oda ya harusi Mikindani, mapaja ya mbuzi na vidari vya ng'ombe. Mimi nilikuwa nimekwenda Feri kufuata samaki, changu, yeye nimemwachia jiko. Jua la saa saba, bati la jiko lenyewe huligusi. Sindano ya kipimajoto cha mlangoni ikasimama kwenye 150 na koki ya kichomeo ameshaipunguza mpaka mwisho. Akafunga dohani. Joto likapanda badala ya kushuka, kwa sababu hewa ya moto ilikosa pa kutokea. Kuona hivyo, akafunga na matundu ya chini.

Sasa fuateni kilichotokea ndani, ambacho yeye hakukiona kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa. Moto uliokuwa wa buluu ukageuka wa njano, ukaanza kutoa masizi. Masizi yale yote yanapanda juu yanatua kwenye nyama. Baadaye ndimi zikaanza kutafuta hewa chini, zikalamba ukingo wa mlango, kisha moto ukazimika kabisa. Sindano ikaanza kushuka: 140, 130, 118. Kijana akafurahi. Akanipigia simu, "Mjomba, jiko limetii."

Jiko halikuwa limetii, lilikuwa limezimika, na koki iko wazi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipandi ikatoka juu, inatuama chini ya sanduku. Sindano ilipofika 90 akashtuka, akafungua mlango, akaona kichomeo cheusi, akasikia harufu, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kiberiti. Moto ulimrukia usoni kwa kishindo. Nyusi zote, vinywele vya mkono, malengelenge kuanzia kiganja hadi kiwiko. Namshukuru Mungu aliyafumba macho.

Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye ndoo, mkono ndani ya beseni la maji, na jambo la kwanza alilosema ni "Mjomba, nyama." Nyama! Tulimpeleka hospitali kwanza. Mapaja yale niliyatazama jioni: meusi, ya kung'aa, ukipitisha kidole kinatoka na utando unaonata, ukionja kipande ni uchungu wa masizi unaokaa kooni. Hayakuwa ya kupeleka harusini. Tukanunua mbuzi wengine usiku ule, tukachoma kwa mkaa hadi alfajiri, na baba mwenye harusi akatupokea kwa uungwana ambao sijausahau.

Leo kijana yule ndiye mkono wangu wa kulia, na ndiye anayewafundisha wapya kuwasha. Mnapomwona anafungua mlango wa jiko wazi kabisa kabla ya kuwasha, anasimama pembeni badala ya mbele, msicheke. Moto ukizimika: funga koki ya mtungi kwanza, acha mlango wazi, subiri dakika 5 au zaidi mpaka harufu iishe kabisa, ndipo uwashe, mlango ukiwa bado wazi. Na mlishike hili kuliko yote: sindano ikishuka bila wewe kugusa kitu, usifurahi. Inama uuangalie moto.

2. Angalia kinachoingia kwenye mpira

Jiko likiwa kali hata koki ikiwa chini kabisa, mara nyingi ugonjwa uko kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi inayotoka mtungini. Zile za presha kubwa, za majiko ya hoteli na ya kupikia pilau la watu mia, msifunge kwenye jiko la moshi. Nataka ya presha ndogo. Haya majiko yanayoletwa kutoka Marekani yamepigiwa hesabu ya propani kwa presha ya milibari 27 na ushei. Mitungi yetu ina mchanganyiko wa propani na butani, na butani kwa ujazo ule ule ina joto kuipita propani kwa zaidi ya robo. Ndiyo maana kitabu cha jiko kinasema koki ikiwa chini utapata nyuzi 107, na wewe hapa unapata 140. Hujakosea kusoma.

Kila mara mtu ananiuliza mbona tuna gesi yetu wenyewe hapa. Ndiyo, tunayo, Mnazi Bay hapo, na wenzetu wa Lindi wanayo Songo Songo. Lakini ile ni methani, inakwenda kwenye mitambo ya umeme na kwenye bomba la Dar es Salaam. Haimo kwenye mtungi wako wa kilo 15, na nozeli, kile kitundu kinachotoa gesi kwenye kichomeo, ya moja haifai kwa nyingine. Methani ni nyepesi kuliko hewa, inapanda. Ya mtungini inashuka, kama yule ndugu yenu alivyoiona.

Dawa ni valvu ya sindano, yaani koki ndogo ya kubana gesi kidogo kidogo, inafungwa kati ya regyuleta na kichomeo. Inakupa robo ya robo ya mzunguko, unapunguza moto mpaka ubaki duara dogo la buluu. Iwe ya gesi, sio ya maji, na kila maungio yapakwe povu la sabuni kabla ya kuwasha. Povu likivimba, hapapikwi kitu. Msibane joto kwa koki ya mtungi, ile ni ya kufungua na kufunga. Na atakayeingiza waya kwenye nozeli "kuipunguza" atanieleza vizuri.

3. Sinia la maji

Sinia lipo kati ya moto na nyama kwa kazi maalumu. Maji hayapiti nyuzi 100 hapa pwani, na kila lita inayogeuka mvuke inaondoka na joto jingi ambalo lingekwenda kwenye nyama yako. Sinia likijaa, jiko linatulia. Sinia likikauka, joto linaruka dakika hiyo hiyo, mafuta yaliyodondokea humo yanaanza kuungua, na moshi unakuwa mchungu. Kwa hiyo sinia pana, lijae, na uongeze maji ya moto. Ukimwaga ya baridi joto linaanguka, unaongeza gesi, maji yakishika moto umeshazidisha tena, basi unashinda unakimbizana na sindano hadi magharibi. Wanaojaza mchanga: mchanga unatuliza, haupozi. Hauna mvuke.

4. Sindano ya mlangoni

Msiiamini. Iko juu, iko mlangoni, nyama iko kwingine. Kipimajoto cha waya kiwekwe usawa wa wavu, nyama ilipo, lakini kisigusane nayo. Kukijaribu ni rahisi: kitumbukize kwenye maji yanayochemka, hapa kwetu usawa wa bahari kisome 100.

Na msome herufi. Dada mmoja, mpishi mzuri tu, aliona jiko la kuletwa limeandika 230 akadhani linaungua. Akapunguza, akapunguza tena, kuku wa watu wakashinda mle kutwa nzima na jioni mfupa bado una damu. Ilikuwa Farenhaiti. Ile 225 hadi 250 ya kwao ndiyo 107 hadi 121 ya kwetu, na hapo ndipo nyama nzito inapotakiwa kukaa. Nimeichora kwa rangi ya kucha kwenye kioo, msiifute tena.

5. Kuni

Joto jingine halitoki kwenye gesi kabisa, linatoka kwenye kisanduku cha kuni. Vipande vidogo vikavu vinashika moto, vinawaka kwa dakika chache, jiko linaruka nyuzi 30, wewe unahangaika na koki. Tumia vipande vya ukubwa wa ngumi, kisanduku cha chuma kizito, kifuniko juu. Kuloweka kunachelewesha tu. Mpera ni mzuri, mkwaju nao. Makumbi ya nazi kidogo kidogo, yana haraka ya kuwaka.

Maganda ya korosho marufuku. Najua yamejaa kila kona na ni ya bure. Alikuja kijana kutoka Newala na kiroba kizima, kanibebea kama zawadi, uso umejaa furaha, nikakosa hata namna ya kumwambia. Nikamuuliza, bibi yako akibangua anapaka nini mikononi? Akasema majivu. Kwa nini? Akanyamaza, akakibeba kiroba chake akakiweka nje mwenyewe. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, yanawaka kwa moto mkali usioweza kuushika, na moshi wake unawasha macho na koo. Huwezi kuuweka kwenye chakula cha mtu. Mbao zenye rangi au dawa ni vile vile.

6. Kusi

Kusi ikianza, jiko ligeuzwe, mlango na matundu yasitazame baharini. Upepo wa Shangani unaulaza moto upande mmoja, wavu wa kulia unasoma 150 na wa kushoto 95, na ukivuma kwa nguvu unauzima. Weka kinga ya bati upande wa upepo, mbali kidogo na jiko, na usiuzungushie mtungi. Mtungi ukae kwenye hewa, kivulini, mbali na jiko kadiri mpira unavyoruhusu.

7. Nyama ikigoma

Kidari kitapanda vizuri, kikifika ndani nyuzi 65 hadi 75 kitasimama. Saa nzima, mbili, tatu, hakisogei. Hapa ndipo uvumilivu wa wapya unapoisha na mkono unarudi kwenye koki. Acheni. Nyama inatoa maji juu yake, maji yanakauka, yanaipoza, ndiyo maana imesimama. Ukiongeza moto utakausha ngozi ya nje na ndani kubaki kugumu. Kama muda umebana, ifunge kwenye karatasi ya foili uirudishe, itapita. Bega na kidari vinalainika vikifika ndani 90 hadi 95, na hata hapo choma kijiti: kikiingia bila kusukumwa, imeiva. Kisha iache ipumzike kabla hujakata, hata kama mteja amesimama anaangalia saa.

Kuku hana shida hizi. Ndani afike 74 kwenye paja, karibu na mfupa, basi. Tena kuku wa nyuzi 110 anatoka na ngozi kama mpira, anapenda 135 hadi 150. Kwa hiyo siku ambayo jua limewaka, valvu ya sindano iko kwa fundi, na jiko limekataa katakata kushuka chini ya 140, usishindane nalo. Kidari kirudi kwenye friji hadi usiku upoe, kuku waingie sasa, na umpigie mteja wa kidari mapema kabla hajakupigia yeye.