Ukifuata viatu Quanzhou, lala mjini

Miaka yangu ya mwanzo ya kwenda China nilikuwa naishia Guangzhou, kama wengi wetu wa Kariakoo. Unatua, unachukua chumba mtaa wa Xiaobei, unazunguka masoko ya jumla siku nne, mzigo unamwachia wakala, unarudi zako. Siku moja niligeuza boksi la raba nikapiga picha maandishi ya ubavuni, nikamtumia kijana wa kwetu anayesoma Xiamen. Akanijibu: "Dada, hizi zinatoka Jinjiang. Hapo ulipo unanunua kwa mchuuzi mwenzio."

Jinjiang iko chini ya utawala wa Quanzhou, jimbo la Fujian, pwani inayotazamana na Taiwan. Na hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, maana nilidhani Quanzhou ni mji mmoja. Sensa ya 2020 iliwahesabu watu karibu milioni 8.8, wametapakaa kutoka baharini mpaka milimani, na stesheni za treni ya kasi zipo kadhaa. Kwenye tiketi angalia herufi za mwisho: Quanzhounan ni ya kusini, Quanzhoudong ni ya mashariki, na Jinjiang nayo ina yake. Mimi nilikata ya Quanzhou tupu kwa sababu ndilo jina nililolijua. Kiwanda kiko Chendai, kusini, na teksi niliyopanda kutoka pale ilikula hela ya chakula cha siku tatu.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, jua unafuata nini. Viatu ni Chendai na jirani zake wa Jinjiang. Kampuni za viatu vya michezo Anta, Xtep na 361° zote zimezaliwa Jinjiang. Nguo ni Shishi. Marumaru, mabomba na vifaa vya bafuni ni Nan'an. Vyombo vyeupe vya kauri ni Dehua, juu milimani. Mawe ya kuchonga ni Hui'an. Anxi ni chai. Ukimwambia dereva "nipeleke Quanzhou sokoni", atakushangaa.

Kwa nini kila kijiji kimeshika chake? Wazee wa kule wanasema ardhi ilikuwa finyu, mlima huku, bahari kule, mpunga hautoshi. Watu wakapanda vyombo kwenda Ufilipino, Malaysia na Indonesia, wakawa wanatuma fedha nyumbani. China ilipofungua milango ya biashara mwishoni mwa miaka ya 1970, fedha hizo ndizo zilizonunua cherehani, na sebule za watu zikageuka karakana. Hata leo kiwanda kimoja hakifanyi kila kitu. Soli inatoka kwa jirani, kamba mtaa wa tatu, gundi kwa shemeji. Faida kwako ni kwamba ukibadilisha soli, bei mpya unaipata siku hiyo hiyo. Hasara ni kwamba soli inaweza kubadilishwa ukishaondoka. Saini sampuli, wao wabaki na moja na wewe moja, halafu mzigo ukiwa tayari toa jozi katikati ya katoni, waambie waipasue kwa kisu mbele yako.

Bosi hatakuuliza oda yako kabla ya chai. Anakaa nyuma ya meza ya mbao, anaosha vikombe kwa maji ya moto, anavigeuza kwa koleo dogo, maji ya kwanza anayamwaga, ya pili ndiyo anakumiminia. Ni Tieguanyin ya Anxi, haina sukari, na kikombe ni kidogo kuliko kile cha muuza kahawa wa Mtaa wa Msimbazi. Ukimaliza anajaza. Gonga meza kidogo kwa vidole viwili, ndiyo asante yao. Ila kula kwanza. Mimi nilikunywa vikombe kama kumi na tumbo tupu, nikaanza kutetemeka mikono wakati wa kuandikishana bei.

Hoteli za karibu na viwanda ni rahisi, na usiku hakuna cha kufanya. Sasa hivi nalala mji mkongwe wa Quanzhou, karibu na Mtaa wa Tumen, asubuhi naenda Chendai kwa gari. Hapo Tumen kuna msikiti wa mawe, Qingjing, uliojengwa mwaka 1009. Ukumbi wa zamani wa sala hauna paa, zimebaki kuta zenye aya na anga juu yake. Maandishi ya Kiarabu mlangoni yanasema ulikarabatiwa mwaka 1310 na mtu aliyetoka Shiraz. Nilisimama pale nikacheka peke yangu: kumbe Washirazi hawakuishia Kilwa.

Waarabu waliuita mji huu Zaituni. Msafiri wa Morocco Ibn Battuta, aliyepita Kilwa mwaka 1331, alifika hapa miaka ya 1340 akaandika kwamba zaituni yenyewe haipo. Jina lilitokana na citong, mti wa maua mekundu uliokuwa umezunguka mji. Ukiwa na nusu siku nenda Hekalu la Kaiyuan, lenye minara miwili ya mawe iliyostahimili tetemeko kubwa la 1604. Kuna jahazi la kale humo lililofukuliwa ghubani mwaka 1974, na shehena yake ilikuwa udi, uvumba, pilipili manga, ambari na kauri za baharini. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji mkalimani kwa bidhaa hizo. Kilima cha Lingshan nacho kina jiwe la mwaka 1417 linalosema Zheng He, amiri wa meli za China, alikuja kuomba heri kabla ya kusafiri, na safari hiyo ndiyo iliyofika mpaka Malindi. Quanzhou kuna mengi zaidi, maana mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha maeneo 22. Daraja la Luoyang la karne ya 11 usilikose: mafundi walifuga chaza kwenye misingi ili wayashikamanishe mawe.

Chaza hao hao wanakaangwa na mayai na unga wa viazi vitamu. Watamu, lakini uliza mafuta, mara nyingi ni ya nguruwe. Mimi nakula tambi kwa Waislamu wa kutoka Lanzhou, au najipikia.

Epuka Julai mpaka Septemba ukiweza. Kimbunga Doksuri kilitua Jinjiang yenyewe tarehe 28 Julai 2023. Na mwaka mpya wao usikukute na oda mezani, wafanyakazi wanarudi makwao mikoa ya ndani na mashine zinalala wiki kadhaa. WhatsApp usiitegemee, weka WeChat ya kuongea na Alipay ya kulipia ukiwa bado nyumbani.

Jambo la mwisho ni mchanganyiko wa saizi. Usipotamka, katoni ya kike inakuja 35 hadi 39 kwa sababu ndiyo miguu ya kwao. Andika 37 hadi 42 kwenye karatasi ya oda. Mimi sikuandika. Mwenye binti wa darasa la sita aje dukani, za 35 bado ninazo maboksi matatu, nyekundu na nyeupe, bei tutaelewana.