Boza la majitaka si boza la maji: maswali yenu ya wiki hii

Shikamoo injinia. Bwawa la kwanza la mtambo wetu wa kusafisha majitaka linanuka mayai viza kila Jumatatu, shida nini?

Marahaba. Hili swali nimelijibu si chini ya mara tatu sasa, mnasoma lakini? Jumatatu ndo maboza yanapanga foleni geti lenu, na nyie mnahesabu tripu wakati mnatakiwa kuhesabu mzigo, yaani uchafu uliomo ndani. Majitaka ya bomba mara nyingi COD yake (kipimo cha uchafu kwa oksijeni inayohitajika kuuvunja) ni kati ya miligramu 500 na 2,500 kwa lita, tope la septiki la nyumbani linafika hata 10,000, ila choo cha stendi kinachonyonywa kila baada ya wiki chache kinaweza kuwa 20,000 mpaka 50,000, yaani boza moja la stendi linabeba mzigo wa maboza kadhaa ya majumbani halafu kwenye daftari lenu wote mmeandika "tripu 1". Bwawa limezidiwa, basi.

Dawa ya unga ya bakteria inasaidia?

Hapana. Nunua wavu wa kuzuia pampasi kwanza.

Dereva ana karatasi imeandikwa "majitaka ya nyumbani", nimkatalie kwa msingi gani?

Karatasi haina pua. Chukua sampuli kila boza, kila boza nimesema, siyo la yule usiyempenda tu, na uichukue katikati ya kumwaga kwa sababu tope zito limetuama chini ya tenki na ukikinga mwanzo tu utadanganyika. Angalia rangi, mafuta juu, chovya karatasi ya pH (ya kupima ukali wa asidi), ikiwa chini ya 6 au juu ya 9 funga valvu umuulize vizuri ametoka wapi. Chupa iandike namba ya gari na saa, itunze siku kadhaa, maana mtambo haufi siku hiyohiyo. Mimi ujana wangu nilipitisha boza moja jioni kwa sababu nilitaka kuwahi daladala, lilinuka tina ya rangi kabisa, siku mbili mbele bakteria wanaokula amonia wote kwisha, na hao wanazaliana polepole, tulikaa wiki na wiki tukiwasubiri na sampuli hatuna ya kumshika mtu.

Na msipande juu ya tenki kuchungulia!! Gesi ile ya mayai viza ikizidi inaua pua kwanza, unadhani harufu imeisha kumbe ndo unaondoka.

Tumwage usiku, si mzigo wa bomba unakuwa mdogo?

Ndiyo, kama maboza yanamwaga mchana kwenye tenki la akiba halafu pampu inalisha mtambo kidogokidogo usiku kucha. Kama ni kumfungulia dereva geti saa saba usiku mlinzi kalala, hapana.

Bwawa la pili limegeuka pinki, majirani wanasema rangi ya kiwandani.

Inawezekana, ila mara nyingi ni bakteria wa salfa, dalili ileile ya kuzidiwa. Rudi swali la kwanza.

Tupandishe bei ya kumwaga ili wapungue?

Watapungua getini kwako wataongezeka mtoni. Dar mnajua mto Msimbazi unavyobeba kila kitu. Toza kwa ujazo, choo cha umma na hoteli walipe zaidi, wa nyumbani muachie bei anayoiweza, na geti lifunguliwe mapema asubuhi, dereva akikaa foleni masaa matatu kesho yake anatafuta mtaro.