Cheti cha Semina na Mgonjwa Aliye Mbele Yako

*Barua zote tatu za mwezi huu zinahusu mafunzo ya kumhudumia mtu aliyejaribu kujiua. Mwandishi wa ukurasa huu ni msaikolojia tiba, kwa hiyo haandiki dawa, ila barua zinaendelea kumwita daktari naye amechoka kukanusha.*

Shikamoo Daktari. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Simiyu. Nimehudhuria semina ya siku 3 ya tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya kuzuia kujiua, nikapata cheti. Juzi aliletwa kijana aliyekunywa dawa ya pamba. Alipopata nafuu nilikaa naye nikamuuliza, "Sasa huna tena mawazo mabaya, sivyo?" Akasema hana. Nikaandika kwenye faili kuwa hana, akaruhusiwa. Tangu siku hiyo sina amani. Je, mafunzo niliyopata yanatosha?

Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujasoma zaidi, mtafute huyo kijana leo. Namba ya ndugu aliyemleta iko kwenye rejesta. Piga, na usipompata mtume mhudumu wa afya wa kijiji. Mwambie unataka kujua anaendeleaje, umpangie na siku ya karibu ya kurudi. Waombe ndugu zake dawa ya shambani iliyobaki iondoke pale nyumbani, ikakae kwa mtu mwingine, chini ya kufuli.

Sasa mafunzo. Siku 3 hazitoshi, wala huna sababu ya kuona aibu. Semina nyingi nilizopitia zina ratiba ile ile: ufunguzi, chai, slaidi, chakula, slaidi, posho, picha ya pamoja chini ya bango. Hakuna aliyekusikia ukizungumza na mgonjwa. Mkunga hapewi ruhusa ya kuzalisha kwa sababu ameona picha za uzazi ukutani, lakini sisi wa afya ya akili tunadhani maneno hayana ufundi, kila mwenye mdomo anaweza.

Tazama swali lako. Ulimpa jibu ndani yake. Kijana amelala kitandani, mama yake yuko mlangoni, labda na polisi amepita kuulizia PF3, ile fomu yao ya matibabu, na kwa Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai (Kenya, Mahakama Kuu ilikitangua kifungu chao cha 226, kilichosema vivyo hivyo, Januari 2025). Unategemea akujibu nini? Mtoe mama nje kwa upole, funga mlango, uliza waziwazi: "Ulipokunywa, ulitaka kufa? Na leo, wazo la kujiua lipo?" Utaambiwa na wakubwa zako kwamba kuuliza hivyo kunampandikizia wazo. Hakumpandikizii. Kunampa ruhusa ya kusema.

Na ufundishe sikio lako. Wagonjwa wetu wengi hawatamki neno kujiua. Wanasema, "Nimechoka na dunia," "Bora nisingekuwepo," au wanamwambia shemeji, "Mnitunzie watoto." Mkufunzi anayetumia mifano ya video za Marekani tu hatakufundisha hilo.

Tiba yenyewe uliyosomeshwa ilitokana na kazi ya Aaron Beck na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 2005 Gregory Brown, Beck na wenzao walichapisha utafiti wa watu 120 walioletwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Wote waliendelea na huduma za kawaida. Nusu yao waliongezewa vikao 10 vya tiba hii. Katika miezi 18, waliorudia kujaribu walikuwa asilimia 24 kwa waliopata vikao, na asilimia 42 kwa wasiopata. Kinachonivutia ni kile walicholenga. Hawakusubiri sonona iishe ndipo usalama ufuate. Walilishika tukio lenyewe: siku ile ilianzaje, nani alisema nini, wazo gani lilipita kichwani, mkono ulifikaje kwenye kopo. Mgonjwa anasimulia hatua kwa hatua, wewe unasikiliza bila kukimbilia kuhubiri. Humo ndimo mnaona pa kukatia njia safari nyingine.

Kisha mnaandika mpango wa usalama, kama walivyoupanga Barbara Stanley na huyo huyo Brown: dalili kwamba hali inaanza kuharibika, mambo anayoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kumtoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, wahudumu wa kuwafikia, na namna ya kuyaweka mazingira salama. Uandikwe kwa maneno yake. Akisema, "Nikianza kukataa ugali," andika ugali. Usiandike "kupungua kwa hamu ya kula". Na tafadhali, kiapo si mpango. Nimeona faili ambazo mgonjwa ameapishwa kwa msahafu au Biblia kwamba hatarudia, na ukurasa ukaishia hapo. Usiku wa saa nane kiapo hakimwambii aende kwa nani.

Sehemu inayowatetemesha wanafunzi wangu ni ya mwisho. Mgonjwa akishakuwa na nguvu, mnarudi naye kwenye tukio lile kwa kulifikiria, safari hii akionyesha angefanya nini tofauti. Akikwama, vikao vinaendelea. Hili usilijaribu peke yako kwa kusoma kitini.

Ndiyo maana mafunzo ya kweli huanza semina ikiisha. Idara ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu inapofunza waganga wake tiba za aina hii, darasa hufuatiwa na miezi ya mashauriano ya kila wiki, na vikao vyao halisi husikilizwa. Kipimo cha ustadi wa mtoa tiba kinachotumika sana kina vipengele 11, kila kimoja alama 0 hadi 6, jumla 66. Kwa kawaida 40 ndiyo mtu anahesabiwa ameiva. Hupimwa mambo kama haya: mlipanga ajenda pamoja? Ulimwongoza agundue au ulimwambia? Ulimpa kazi ya nyumbani, na ile ya wiki iliyopita uliiuliza?

Kwetu inawezekana kwa simu. Omba ridhaa, mgonjwa akikataa yaishe. Akikubali rekodi, funga kwa nywila, msimamizi asikilize, ifutwe. Mimi husikiliza ofisini jioni wodi ikishatulia, na ninachokisikia mara nyingi kuliko vyote ni mlango. Mtu anaanza kulia, mlango unafunguliwa, "Samahani, naomba faili la kitanda cha nne." Hakuna slaidi inayotibu hilo.

Mtafute msaikolojia au muuguzi wa afya ya akili katika hospitali yako ya rufaa, muombe akusikilize kikao kimoja kwa wiki. Wengi watakubali. Hawajazoea kuombwa.

Daktari, mimi ni mganga mfawidhi. Nina fedha za kumleta mkufunzi kwa siku 1 awafunze watumishi 20, au kuwapeleka watumishi 2 wakafunzwe kwa kina. Ungekuwa wewe?

Ningewapeleka wawili, mkuu, kwa masharti. Usimpeleke anayekaribia kustaafu kwa sababu ni zamu yake ya kusafiri. Usimpeleke ambaye amekwisha omba uhamisho. Mpeleke yule ambaye wagonjwa wanamuulizia kwa jina hata akiwa likizo. Kila kituo kinaye. Akirudi, mpe chumba chenye mlango unaofungika na saa chache za wiki zisizoguswa, vinginevyo umenunua cheti kingine.

Wale 18 waliobaki wasiachwe. Kuuliza waziwazi na kuandaa mpango wa usalama ni vitu ambavyo hao wawili wanaweza kuwafundisha kwa kuigiza, alasiri moja moja. Zimbabwe walianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaani kutatua matatizo pamoja na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, chini ya Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili. Bibi hao wanafanya kazi kubwa. Lakini mtu akionyesha dalili za kujiua hawaachwi naye peke yao, anapelekwa kwa msimamizi. Na iko siku mmoja wa wagonjwa wa hao watumishi wako atafariki. Panga sasa nani atakaa nao siku hiyo, kabla ya kikao cha kutafuta mchawi.

Hujambo daktari. Niko Mombasa. Mdogo wangu wa kiume alijaribu kujiua, sasa anaenda kwa mshauri. Kila nikimuuliza walizungumza nini, asema waliomba dua. Nitajuaje huyo mshauri amefunzwa? Na je, ni adabu mimi kuingia kikaoni?

Sijambo, dada yangu, pole sana. Dua si kasoro. Swali ni kama iko peke yake. Muulize mdogo wako, bila kumhoji kama hakimu: mshauri amewahi kumuuliza wazi kuhusu kujiua? Wameandika mpango, na nakala anayo mwenyewe mfukoni au kwenye simu? Ameuliza nyumbani kuna dawa au vitu gani vya hatari? Hupewa jambo la kufanya hadi kikao kijacho? Yote yakiwa hapana, mpigie mshauri umuulize amefunzwa tiba gani na nani anamsimamia. Aliyefunzwa hakasiriki kwa swali hilo. Akikasirika, omba hospitali ikupe rufaa kwa mwingine, lakini huyu usimwache mpaka umempata wa pili. Na wazo la kujiua likirudi kwa nguvu, usingoje siku ya miadi. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali wakati huo huo.

Kuingia kikaoni ni adabu kabisa, mdogo wako akiridhia. Kikao kimoja kinatosha, cha kupitia mpango wa usalama, ili ujue jina lako limeandikwa kwenye mstari gani na unatakiwa kufanya nini akikupigia. Vingine mwachie, na ukimsindikiza mngoje nje.