Nimetubu mara kumi, mbona moyo hautulii?

Pole sana, dada yangu. Unauliza kama Mungu amekuchoka, maana ulikula hela ya mchango wa msiba miaka mitatu iliyopita, na Jumapili kumi sasa unatubu upya.

Fungua Luka 15. Yule mwana mpotevu, aliyetapanya mali ya baba yake, alirudi nyumbani na maneno ameyapanga kichwani: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Sasa soma mstari wa 21: hilo la utumishi halikutoka. Kabla hajalifikia, baba ameshaagiza vazi, pete na viatu. Tena alimwona angali mbali, akakimbia, mzee mzima, nadhani kanzu kaishika mkononi (hapo huwa nacheka). Kwa hiyo toba ya 11 ya nini?

Kinachokukaba sidhani ni Mungu. Ni ile hela. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu, na aliahidi baada ya Yesu mwenyewe kusema atashinda kwake, si kabla. Msamaha haununuliwi, lakini wafiwa walipunjwa. Nenda kwa mweka hazina jioni, peke yako. Kama huna zote, toa nusu, mwandikishane tarehe ya zilizobaki.