Barua kwa mwanangu: moyo wangu na vidonge vya damu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa nini sikubali wanichome ile sehemu ya moyo inayosumbua, mapigo yatulie, kisha niachane na vidonge vya kuzuia damu kuganda. Hayo ni maswali mawili, na jibu la moja halimalizi la pili.

Nianze na vidonge, maana hapo sina mjadala. Vyumba vya juu vya moyo wangu vikipapatika, havisukumi damu sawasawa. Damu inatuama, hasa kwenye kifuko kidogo kando ya chumba cha juu cha kushoto, na ikituama huganda. Donge likichomoka likafika kwenye ubongo, ni kiharusi. Ugonjwa huu wa kupapatika kwa moyo huongeza hatari hiyo takriban mara 5. Nami nimepita miaka 65 na nina presha. Mambo kama hayo, pamoja na kisukari au kiharusi cha zamani, ndiyo daktari anayoyajumlisha anapoamua nani anywe dawa. Haangalii kama leo mapigo yametulia. Hata waliochomwa hunywa dawa kwa miezi 2 angalau, na mwenye hatari kama yangu huendelea nayo hata mapigo yakinyooka. Tena kuna vipindi vya kupapatika ambavyo mgonjwa havihisi kabisa.

Aspirini uliyoipendekeza haifai hapa: kinga yake ni ndogo mno, na damu inaweza kukutoka vilevile. Kidonge changu cha kuzuia damu kuganda ni apiksabani, asubuhi na jioni. Warfarini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, ingenidai kupima damu mara kwa mara na kuangalia mboga za majani ninazokula, ingawa kwa aliyewekewa valvu ya chuma, hiyo ndiyo dawa yake. Ndiyo, napata michubuko kirahisi. Nimeikubali.

Sasa kuchomwa. Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kuwa cheche nyingi zinazowasha mpapatiko huanzia kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Ndiyo maana hupitisha mrija kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, wakaunguza au kugandisha kwa baridi kuzunguka midomo ya mishipa hiyo. Wengi hupata nafuu kubwa. Wengine ugonjwa huwarudia, wakafanyiwa tena. Wachache huvuja damu kuzunguka moyo, au hupata kiharusi kutokana na tiba yenyewe. Matokeo huwa mazuri zaidi kwa wenye vipindi vya kuja na kuondoka, kama mimi, kuliko kwa ambao moyo umepapatika miaka mfululizo.

Kwa hiyo sijakataa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kurudisha mdundo wa kawaida kwa dawa hakukurefusha maisha kuliko kupunguza kasi ya mapigo tu. Ule wa 2020 ukaja na habari nyingine: kwa ambao ugonjwa haujapita mwaka tangu ugunduliwe, kuurudisha mdundo wa kawaida mapema kulipunguza viharusi na vifo vitokanavyo na moyo. Mwaka wangu haujaisha, na hilo linanivuta. Kinachonizuia ni kwamba bisoprololi, dawa yangu ya kupunguza kasi ya mapigo, inanitosha kwa sasa. Vipindi ni vifupi na kazi zangu nafanya.

Isitoshe, kuna mengine ya kutangulia: presha, uzito, na usingizi. Kule kukoroma anakolalamikia baba yako miaka yote kumepata hadhi ya kitabibu. Pumzi ikikatika usiku, moyo huzidi kuvurugika, na kuuchoma kabla ya kulitibu hilo ni kufagia uwanja huku upepo unavuma.

Siku ya kliniki njoo. Muulize daktari mwenyewe amewachoma wangapi, na wangapi walilazimika kurudia. Mimi nitamuuliza kuhusu kipimo cha usingizi. Na mwambie mdogo wako asinitumie tena zile dawa za mitishamba. Baadhi hugongana na apiksabani, na chupa zenyewe hazisemi ndani mna nini.

Mama yako